Taa ya Pointi Ikisema Uongo: Kutafuta Kosa Chini ya Meza ya Reli

"Mjomba, taa yasema njia i wazi."

Taa ilikuwa kijani kweli. Injini nayo ilikuwa imelala ubavu kwenye tawi la Taveta, magurudumu yakizunguka hewani, na mabehewa mawili ya mizigo yamepandana nyuma yake. Mpwa wangu alisimama mbele ya paneli mikono ameifunga mgongoni, kama mtu anayetaka mashahidi wote waone kuwa hakugusa kitu.

Meza yenyewe, ya treni ndogo za mfano, iko chumba cha juu, hapa Tudor, dirisha linatazama maji. Ina urefu wa mita tatu na nusu, na juu yake nimejenga stesheni ya Voi pamoja na mwanzo wa ile reli ya Taveta iliyowekwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Reli nilizotumia ni za upana wa milimita 16.5. Kwa kipimo cha 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87) hizo ni sawasawa na milimita 1,435 za SGR, reli mpya, wala si mita moja ya reli ya zamani iliyoanza kuwekwa hapa Mombasa mwaka 1896. Kwa haki ningetumia za milimita 12. Lakini hizi ndizo nilizoletewa ndani ya begi la mtu aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza, na cha kuletewa huwezi kukipigia hesabu za milimita. Wajuzi wakija hunicheka, kisha huomba kuendesha.

Nina pointi 11, yaani mahali 11 ambapo reli inagawanyika na ndimi za chuma huhama upande mmoja au mwingine. Kila pointi ina taa mbili kwenye paneli: kijani ikiwa ndimi zimeelekea njia kuu, nyekundu zikielekea mchepuko (mchepuko wa reli, msije mkanielewa vibaya). Katika miaka ya kuishi na taa hizi 22 nimekutana na karibu kila kosa ambalo taa inaweza kulifanya. Ninayaandika hapa kama yalivyonijia, pamoja na dawa zake.

Kwanza uliza: taa hii imeambiwa na nani?

Ukiona taa haieleweki, usikimbilie chuma cha solda. Taa haioni reli. Inasema ilichoambiwa na waya uliofungwa kwake, basi. Kwa hiyo swali la kwanza ni waya huo unatoka wapi, na kuna majibu matatu.

Huenda unatoka kwenye swichi ya paneli. Wengi hutumia swichi ya ncha sita, ncha tatu za mota inayosogeza ndimi na ncha tatu za taa. Ni rahisi, na nyaya zote hukaa palepale kwenye paneli. Taa ya aina hii inajua kidole chako kimeisukuma swichi upande gani, na hapo ndipo elimu yake inapoishia. Mota ikiungua, waya wa chini ya meza ukikatika, mjusi akibanwa kwenye ulimi (limenitokea, na mjusi aliondoka bila mkia), kijani itaendelea kuwaka kwa amani.

Huenda taa inakula mkondo wa mota yenyewe. Hii huwezekana kwa zile mota za mwendo wa polepole ambazo hubaki na stima muda wote, zikijikaza hata baada ya kufika. Mfano ni Tortoise, inayovuta kama miliampea 16 tu ikiwa imejikaza. LED mbili (taa ndogo zinazopitisha stima upande mmoja tu), nyekundu na kijani, hufungwa kinyume kwa kinyume, kisha zote mbili hupachikwa kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye mota. Stima ikienda huku inawaka moja, ikigeuka inawaka nyingine. Taa hii inajua zaidi: inajua kuwa waya haujakatika na mota inapokea stima. Kama ndimi zimefika, haijui.

Au waya unatoka kwenye swichi ndogo iliyo chini ya pointi, inayosukumwa na fimbo ileile inayovuta ndimi. Hapa ndipo taa inapopata habari kutoka kwa aliyekuwapo.

Jua taa yako ni ya aina gani, na nusu ya makosa utayatatua ukiwa umekaa kitini. Ikiwa ni ya aina ya kwanza na inapingana na reli, taa haina kosa lolote. Nenda katazame mota.

Vifaa

Mita ya bei rahisi inatosha. Betri bapa ya CR2032 ni hazina: ibane katikati ya miguu ya LED, bila rezista (kile kipande kinachopunguza mkondo), na LED nzima itawaka. Waya mmoja wenye vibanio pande mbili. Tochi ya kichwani, kwa sababu chini ya meza mikono yote miwili ina kazi. Na adapta ya volti 12 ya mkondo mnyoofu (DC) kwa ajili ya taa peke yake. Ile ya ruta iliyokufa inafaa sana. Stima ya ukutani ni volti 240, kwa hiyo transfoma usiifungue. Kazi yetu yote iko upande wa volti 12.

Taa moja haiwaki kabisa

Zikiwa nyingine zote zawaka, kosa liko kwenye tawi la hiyo moja: rezista yake, LED yake, ncha yake ya swichi, au kiungo cha solda kati ya hivyo. Iweke pointi upande ambao taa hiyo ingepaswa kuwaka, kisha pima volti kwenye miguu miwili ya LED.

Ukisoma karibu 12 nzima, stima imefika mlangoni na hapana wa kufungua: LED imeungua ndani au umeifunga kinyume. Mguu mrefu ni chanya. Kama miguu umeshaikata, papasa ukingo wa plastiki, utakuta ubavu mmoja ni bapa. Huo ni upande wa hasi.

Ukisoma sifuri, hamishia mita kwenye rezista. Volti zote 12 zikiwa pale, LED imepiga shoti. Napo pakiwa sifuri, stima haijafika, basi rudi nyuma kiungo kwa kiungo hadi uikute. Ukisoma kama volti 2 kwa LED nyekundu, au 3 kwa kijani ya kisasa, mkondo unapita na taa inawaka. Funga pazia. Usicheke, jua la saa tisa alasiri likiingia dirishani kwangu huzima paneli nzima machoni.

Kuhusu viungo: solda ya risasi iliyoshika vizuri hung'aa na kujitandaza miguuni mwa waya. Iliyoshika vibaya husimama kama tone, kijivu, na ukiuvuta waya taratibu kwa koleo utauona ukizunguka ndani ya tone hilo kama jino bovu. Kiungo cha namna hii huwaka leo, kesho kikazima, keshokutwa ukigonga meza kikawaka tena. Kipashe moto upya, ongeza solda kidogo, na usiuguse waya mpaka upoe.

Na kuhusu rezista, tahadhari ya gharama. Kwa adapta ya volti 12 na LED nyekundu ya volti 2, volti 10 zinazobaki hubebwa na rezista. Ukitaka miliampea 10, unahitaji omu 1,000. Rangi zake ni kahawia, nyeusi, nyekundu. Rezista ya omu 100 ni kahawia, nyeusi, kahawia. Usiku mmoja, chini ya balbu ya manjano, nilifunga nne mfululizo nikiamini ule mstari wa tatu ni mwekundu. Omu 100 ziliruhusu miliampea 100. LED ya kwanza iliwaka kwa mwanga mzuri ajabu, nikafurahi, nikafunga ya pili. Hadi namaliza ya nne, ya kwanza ilishakuwa nyeusi. Siku hizi kila rezista hupimwa kwa mita kabla ya kufungwa, hata ikitoka kwenye mfuko ulioandikwa.

LED za sasa zina mwanga mkali mno kwa paneli ya ndani. Kwa mimi omu 4,700 (manjano, zambarau, nyekundu) zinatosha kabisa, na macho hayaumi.

Kundi zima limezima kwa pamoja

Taa tano za upande mmoja zikizima kwa mpigo, usipime LED hata moja. Tafuta waya ambao zote zinautumia kwa pamoja. Kwa kawaida ni ule wa kurudi, wa hasi, unaopita chini ya meza na kugawiwa kwa kila pointi. Tafuta taa ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa. Waya umekatika kati ya hizo mbili. Ili kuthibitisha, chukua waya wako wenye vibanio, banisha upande mmoja kwenye hasi ya adapta na upande wa pili kwenye hasi ya taa iliyokufa. Zikifufuka zote, umemshika mwizi.

Kwangu kundi la upande wa Mtito Andei lilizima hivyo mara tatu katika mwaka mmoja, kila mara mahali tofauti. Nyaya nilizitoa kwenye kebo ya kompyuta niliyonunua mjini kwa bei iliyonipendeza. Mara ya tatu nilikwangua waya kwa kisu, na chini ya ile rangi ya shaba nikakuta weupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Alumini haipendi solda, huvunjika ukiikunja mara chache, na ikipata chumvi ya hewa ya bahari kwenye ncha iliyo wazi hugeuka unga mweupe. Kebo ya kompyuta ni wazo zuri kwa taa, ina nyaya nane nyembamba za rangi tofauti na utajua kila moja inakwenda wapi. Ila beba kisu dukani na ukwangue kabla ya kulipa. Shaba ni nyekundu hadi ndani.

Hata kebo ya shaba halisi iwe ya taa pekee. Koili za pointi (zile mota za sumaku zinazosukuma ndimi kwa pigo moja) huvuta ampea kadhaa kwa mpigo mmoja, na waya mwembamba wa urefu wa mita nne hunyonya nguvu hiyo njiani. Pointi hufika nusu, na wewe unailaumu mota.

Taa zote mbili zawaka, au rangi ni ya machungwa

Hili ndilo kosa la pwani, na ndilo lililonisumbua kuliko yote.

Kwa LED yenye miguu mitatu, nyekundu na kijani katika kichwa kimoja, zikiwaka zote utaona manjano au machungwa. Kwa LED mbili tofauti, moja itawaka sawasawa na mwenzake atafifia kama makaa ya jana. Wengi huanza kulaumu swichi, na wakati mwingine wana haki: kuna swichi ambazo hugusa ncha mpya kabla ya kuachia ya zamani, kwa hiyo rangi ya machungwa ya nusu sekunde wakati ndimi zinahama si ugonjwa. Ikibaki, ni ugonjwa.

Zima adapta, chomoa nyaya mbili za pembeni kutoka kwenye swichi ndogo chini ya pointi, na weka mita kwenye omu. Pima kati ya ncha ya kati na ile ncha ambayo haipaswi kugusana nayo. Mita inatakiwa isionyeshe kitu. Mimi nilisoma omu 60,000, kisha 45,000 nilipoipumulia. Maana yake ni kuwa juu ya plastiki ya swichi palikuwa na daraja la unyevu, likinyweshwa na chumvi na mabaki ya grisi ya solda niliyoacha bila kusafisha. Omu 45,000 huruhusu chini ya nusu ya miliampea. Balbu ya zamani ya nyuzi isingelitambua hilo hata kidogo. LED ya kisasa ya kijani huonekana gizani hata kwa sehemu ya kumi ya miliampea, na ndiyo sababu kosa hili lilinitokea baada ya kubadilisha taa za zamani. Nililaumu LED kwa miezi. Kumbe zilikuwa zikinionyesha uchafu uliokuwapo siku zote.

Dawa: mswaki wa zamani, spiriti, sugua mpaka pang'ae, kausha kwa feni. Ile grisi ya solda ya kopo, hasa ya mafundi wa bati, ina asidi. Usiilete kwenye kazi hii. Tumia solda yenye dawa ndani yake.

Kama huwezi kuifikia swichi bila kubomoa nusu ya Voi, kuna njia ya mkato isiyo ya aibu. Funga rezista ya omu 4,700 sambamba na LED, mguu kwa mguu. Mkondo mdogo wa kuvuja utapita kwenye rezista bila kufikisha volti ambazo LED inahitaji ili iwake, na taa itazima kabisa. Ikiwaka kwa haki, rezista hiyo itaiibia chini ya miliampea moja, na huwezi kuona tofauti.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hiki lakini ni tofauti. Ikiwa umezifunga nyekundu na kijani zote kwa rezista moja upande wa hasi ili kuokoa rezista, kisha swichi ikapeleka stima kote kuwili, nyekundu itawaka peke yake na kijani itazima. Nyekundu huridhika na volti 2, kwa hiyo huzishusha volti kabla kijani haijapata 3 zake. Utadhani kijani imeungua. Ijaribu kwa betri bapa kabla hujaitupa.

Taa hufuata mwendo wa treni

Treni ikienda kasi taa ni kali, ikisimama taa inazima, ikirudi nyuma inawaka nyingine. Ukiona hivyo umeitoa stima ya taa relini. Huwa hivi: swichi ndogo chini ya pointi tayari inafanya kazi ya kubadilisha stima ya ile V ya chuma ambapo reli mbili zinavukana, na mtu akaona ncha zile zile zinafaa kwa taa pia. Katika mfumo wa kawaida, volti za reli ndizo mwendo wa treni, kwa hiyo taa yako imekuwa kipima mwendo.

Usijaribu kurekebisha kwa kubadili rezista. Tafuta swichi yenye ncha sita, ncha tatu ziwe za V na tatu za taa, na nyaya za pande hizo mbili zisikutane popote, hata kwenye hasi. Wanaoendesha kwa mfumo wa kidijitali taa yao haitafifia, kwa sababu relini kuna stima muda wote, lakini stima hiyo hugeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde. LED nyingi hazistahimili zaidi ya volti 5 za kinyume. Kila moja iwe na dayodi ndogo (kipande kinachopitisha stima upande mmoja tu) ya 1N4148 sambamba nayo, imeelekea kinyume chake.

Taa huungua moja moja bila sababu

Sababu ipo. Kama koili za pointi na taa zinakula transfoma moja, kila koili inapokatiwa stima hurusha teke la volti nyingi kwenye nyaya, na LED iliyo jirani hupigwa. Haifi siku hiyo. Hufifia, kisha wiki moja hivi unaikuta imekwenda. Watenganishe: koili na transfoma yao, taa na adapta yao. Kama koili zako zinalishwa kwa mkondo mnyoofu au kwa kapasita, funga pia dayodi ya 1N4007 kwenye kila koili, ule mstari wake uelekee chanya. Kwa koili za mkondo geu (AC) usithubutu, hiyo itakuwa shoti.

Jambo jingine ni adapta nzito za zamani, zile zenye transfoma ndani. Zimeandikwa volti 12, ila bila mzigo hutoa 16 au 17. Pima kabla ya kupiga hesabu ya rezista. Na transfoma ya volti 16 za mkondo geu hufika zaidi ya 22 kwenye kilele cha wimbi.

Ukiwa umeifunga taa moja kwa moja kwenye waya wa koili, itamulika tu wakati kidole kiko kwenye kitufe, basi. Hapo hakuna cha kutengeneza. Koili hupata stima kwa nukta moja tu. Taa inahitaji swichi yake chini ya pointi.

Mota imekuwa nzito tangu nilipofunga taa

LED kwenye waya wa mota ya polepole huichukulia mota volti 2 hivi au 3. Ongeza volti kidogo kwenye chanzo, ndani ya kiwango cha mota, au vumilia. Rezista haitakiwi hapa, kwa kuwa mota yenyewe ndiyo inayozuia mkondo, na ukiiweka utaimaliza nguvu. Kuna faida moja nimeigundua kwa mazoea: mota ikiwa mwendoni huvuta mkondo mdogo na taa hufifia, ikijikaza taa hung'aa. Unaweza kuona mwendo wa ndimi kwenye paneli. Lakini ikijikaza katikati, kwa sababu kokoto imebanwa, itang'aa vilevile.

Asubuhi yawaka, jioni imezima

Mbao. Mvua za masika zikianza, ubao wa meza hunywa unyevu na kuvimba, fimbo inayosukuma swichi hukosa nusu milimita ya mwisho. Kaskazi ikirudi na ukavu wake, yote hupona na wewe unajisifu kuwa ulitengeneza. Rekebisha swichi wakati wa mvua, upate ile nusu milimita, na paka rangi upande wa chini wa ubao.

Nyekundu, kijani, na pasipo taa

Narudi kwa mpwa wangu na injini iliyolala. Ile pointi ya tawi la Taveta ilikuwa na swichi chini yake, ya ncha tatu, safi, viungo vinang'aa. Nilipima yote na yote yalikuwa sawa. Nikalala chali chini ya meza, nikamwambia asogeze ndimi kwa kidole, polepole.

"Sogeza. Sogeza tena. Basi. Taa gani?"

"Kijani, mjomba."

"Na ulimi umefika?"

Akainama hadi pua ikagusa reli. "Bado. Paingia ukucha."

Swichi ilibonyea ndimi zikiwa nusu ya safari, na kuanzia hapo paneli ikatangaza kazi imekwisha. Punje ya kokoto ya kubandika ilikuwa imezuia nusu iliyobaki. Na hata ningeisogeza swichi ibonyee mwishoni, swichi ya ncha tatu daima imegusa upande mmoja au mwingine. Haijui kusema "sijui". Ulimi ukiwa katikati, bado itataja njia.

Tuliitoa, tukaweka mbili mahali pake. Moja hubonyezwa ulimi unapofika kabisa upande wa njia kuu, na hiyo huwasha kijani. Nyingine hubonyezwa ukifika kabisa upande wa mchepuko, na hiyo huwasha nyekundu. Katikati hazibonyezwi zote mbili, na paneli huwa giza. Kila moja tuliifunga kwa skrubu kwenye tundu lililorefushwa ili isogezwe mbele na nyuma, na hapo ndipo jioni nzima ilipokwenda, kwa sababu skrubu ikikazwa huisogeza swichi kiasi kilekile ulichokuwa umekipima.

Kipimo tulichotumia ni kipande cha kadi ya zamani ya kukwangua ya simu. Kadi ikiwa kati ya ulimi na reli mama (ile reli isiyosogea ambayo ulimi huibana), geuza pointi. Hakuna taa inayoruhusiwa kuwaka. Mafundi wa reli za kweli hufanya hivyohivyo kwa kipande cha chuma cha unene maalumu, na pointi ikikubali kujifunga juu ya chuma hicho, haipitishi treni.

Mara ya kwanza kijani iliwaka. Tukarudisha swichi nyuma kidogo. Mara ya pili ilimulika, ikazima, ikamulika. Mara ya tatu paneli ilikaa giza, mpwa wangu akachomoa kadi, ulimi ukagonga reli mama, na kijani ikawaka.

"Zimebaki kumi," nikamwambia.

Alikuwa ameshaikata kadi nyingine.